Kadi ilisema mwanangu ananawiri: siku mama mkwe wangu alipojitolea kuwa gunia

Wakuu, habari za mchana huu.

Wale mlio rika la wanangu na wajukuu zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea. Msijisumbue kuandika kila mmoja ya kwake mkajaza ukurasa.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Ninachokiona kila siku ni watu kurushiana grafu. Mmoja akisema jambo, mwenzake anamjibu "leta data." Akiletewa chati yenye mstari unaopanda, basi, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza tena.

Sina ugomvi na grafu. Grafu ya kwanza kuisoma maishani mwangu ilikuwa ya mwanangu mwenyewe, na nusura nimpoteze huku naitazama.

Nitakayosimulia sikuyasikia kwa mtu. Niliyabeba mgongoni kwa kitenge, kwa hiyo sina haja ya kuyaongezea chumvi. Kaeni vizuri tu, maana mimi ni mtu wa maneno mengi.

Ilikuwa Singida, upande wa Ikungi, miaka ile ya vijiji vya ujamaa.

Tulikuwa hatujakaa sana tangu tuhamie kijijini. Nyumba zilipangwa kwa mistari, unamwona jirani yako akipuliza moto na yeye anakuona ukikoroga uji. Huko tulikotoka kila boma lilikuwa na nafasi yake, ukigombana na mumeo mnajua wenyewe. Kijijini ukigombana na mumeo asubuhi, mchana unapewa pole kisimani.

Mimi nilikuwa binti mbichi. Nilikuwa nimeolewa na Jumanne na tulikaa na mama yake. Kijiji kizima kilimwita Mama Jumanne. Nyumbani tulizungumza Kinyaturu, ila humu nawaletea kwa Kiswahili ili twende pamoja.

Mama Jumanne alikuwa mrefu, mwembamba, mdomo mkali. Alikuwa akinigombeza huku ananipakulia mlenda mwingi kuliko wake. Ukitaka kumjua mtu yule, usisikilize maneno yake, tazama bakuli lako.

Kabla ya Jumanne na baada yake alikuwa amezika watoto. Wangapi sijui, na sikuwahi kujua, kwa sababu nyumbani kwake watoto hawakuhesabiwa. Ukimuuliza una watoto wangapi anakujibu "wapo." Ukimuuliza wajukuu, "wapo." Hakuwa anaficha. Kwake yeye kumhesabu mtoto kwa sauti ni kumtangaza mahali ambapo hajui nani anasikiliza.

Marehemu mumewe alikuwa mhunzi. Alimwachia kapu la njuga ndogo za chuma, zile zinazolia mtoto akitikisika, pamoja na vipande vya shaba.

Binti yangu Hawa alipozaliwa, mama mkwe akashona mshipi mwembamba wa ngozi, akaupamba kwa shanga, akamfunga kiunoni. Na kila mwezi mpya ulipoandama, aliongeza njuga moja kwenye ule mshipi.

Nilimuuliza sababu. Akanijibu bila kuniangalia, anakaza uzi kwa meno:

"Mtoto mwepesi anachukuliwa. Mtie uzito, akae chini."

Najua kuna watakaocheka. Chekeni. Lakini mtu aliyewahi kukaa Singida msimu wa upepo, akaona unavyobeba vumbi na nyasi za mapaa na nguo za watu, atakubali kwamba mama aliyezika watoto ana haki ya kuogopa vitu vyepesi. Mimi sikucheka. Nilimwona anavyolishika goti la Hawa kila akimaliza kufunga.

Na kusema kweli zilipendeza. Hawa alipoanza kutambaa, ulijua yuko chumba gani kwa mlio.

Sasa niwaeleze habari ya kadi.

Kila mwezi Nesi Anjela alikuja kwa baiskeli kutoka zahanati ya kijiji cha pili. Alitundika mzani wake kwenye boriti ya ofisi ya kijiji, akamvika mtoto kikaptula cha turubai, akamning'iniza. Watoto wanalia, mama zao wanacheka. Akishasoma kilo anaweka nukta kwenye kadi, kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Ndiyo huo mstari.

Kadi yenyewe ilikuwa imechorwa njia, ina ukingo wa juu na ukingo wa chini. Mtoto wako akitembea ndani ya njia, shukuru.

Kwa wengi wetu ile kadi ilikuwa karatasi tu ya kufungia vitu. Aliyetufungua macho ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, Mwalimu Yoeli. Mnyiramba wa kule Kiomboi, kwa hiyo mtani wetu. Tulimtania tukitegemea atakoma, naye akawa anatuzidi.

Jioni tulikutana kwenye darasa la shule, watoto wakishatoka. Yoeli akatuchorea ile njia sakafuni kwa majivu, kubwa, upana wa darasa. Akatutembeza juu yake mmoja mmoja. Wewe ni mtoto wa mwezi huu, haya panda. Wewe umeharisha, lala hapo hapo. Wewe umepata surua, shuka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini somo likaingia.

Akatufundisha kusema kwa pamoja: mstari ukipanda, mtoto anakua; ukilala, uliza; ukishuka, usingoje kesho.

Wakuu, sijui kama mtaielewa furaha ile. Mtu ambaye juzi tu alikuwa anaweka dole gumba, leo anatazama kadi ya jirani na kumuuliza, "Mwanao mbona amelala mwezi ule, kulikoni?" Na jirani anakumbuka, kweli, mtoto aliharisha wiki nzima. Tulikuwa tunaiuliza karatasi swali na karatasi inatujibu. Nilijiona mtu mpya.

Na kadi ya Hawa ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Nesi Anjela aliinyanyua mbele ya akina mama akasema, "Kadi kama hii ndiyo ninayoitaka kila nyumba." Nilivimba kichwa siku ile, kitambaa kikanibana. Yoeli akaiomba awe anafundishia. Nikawa nasimama mbele ya darasa na kijiti, naonyesha mstari wa mwanangu unavyopanda.

Mama Jumanne alikuwa anakaa mlangoni anasikiliza. Hakuwahi kuingia darasani. Alisema mikono yake ni ya mwiko na jembe, penseli itamwonea aibu.

Halafu ikaja surua.

Haikumchukua Hawa, tunashukuru. Lakini ilipoondoka iliondoka na kitu. Alikuwa mtoto wa kupiga makofi na kudaka sikio la kila anayembeba. Sasa akawa ametulia. Anakaa ulipomweka. Uji anaonja kidogo anageuza uso. Akilia, analia kidogo kidogo, kama anamwogopa mtu.

Siku ya kliniki nilikwenda roho iko mkononi. Nesi akamning'iniza, akasoma, akaweka nukta.

Mstari umepanda.

"Surua huwachosha," Nesi akaniambia. "Lakini tazama, yuko njiani. Endelea na uji, uzidishe karanga."

Nilirudi nyumbani natembea kwa madaha. Mwezi uliofuata, mstari ukapanda tena, tena vizuri kuliko ule wa kabla.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama mkwe alikuwa akimbeba Hawa mchana mimi nikiwa shamba la kijiji. Jioni moja akanirudishia mtoto, akabaki amesimama.

"Mwanangu, huyu mtoto mgongoni haniambii kitu."

"Vipi mama?"

"Simsikii. Nambeba kama nimebeba nguo."

Nikamtolea kadi. Nikamwonyesha mstari kwa kidole, kwa upole, kama nilivyofundishwa. Nikamwambia mama, tazama, amepanda.

Akaitazama kadi kwa muda. Akaniuliza, "Hiyo kadi imewahi kumbeba?"

Nikacheka kidogo, naye akaondoka. Na mwezi mpya ulipoandama hakuongeza njuga moja. Aliongeza mbili, na kipande cha shaba. Niliona pia ameufupisha mshipi, maana ulikuwa umeanza kuteremka nyongani. Niliona kwa macho yangu mawili, na sikuunganisha.

Hapa niweke jambo moja sawa kabla hamjaanza kumshambulia Nesi kwenye komenti. Nesi Anjela hakuwa mzembe. Watoto karibu wote walikuwa na shanga au hirizi. Katika kijiji fulani nesi mwenzake aliwahi kuwaambia akina mama wavue kila kitu, na mwezi uliofuata hakuja hata mmoja. Kwa hiyo aliona heri apime mtoto na shanga zake kuliko asipime kabisa. Ukiniuliza, hesabu yake ilikuwa ya busara. Shanga ni zilezile mwezi huu na mwezi ujao. Kama zinadanganya, zinadanganya kiasi kilekile, na kupanda kunabaki kupanda.

Tatizo ni kwamba za Hawa hazikuwa zilezile.

Msimu wa mavuno ukafika. Karanga zilikuwa zinapelekwa ghala la kijiji, na Mwalimu Yoeli, kwa kuwa ndiye mwenye hesabu, akapewa kazi ya kupima. Kulikuwa na mzani mkubwa wa kusimama chini, unaweka gunia juu ya jukwaa lake, unasogeza kile chuma kwenye mkono wake mpaka ukae sawa.

Tulikuwa foleni, mimi na mama mkwe. Hawa nimembeba mgongoni, amelala. Upepo ulikuwa mkali, nikawa namfunika kichwa kila mara.

Zamu yetu ikafika. Yoeli akapima karanga zetu, akasema uzito, kisha akasema anatoa uzito wa gunia.

Mama Jumanne akaweka mikono kiunoni.

"Unatoa gunia gani?"

"Gunia mama. Kila mtu anatolewa gunia."

"Hao wana magunia mapya, mazito. Langu limechakaa, linaonyesha mpaka ng'ambo. Unanitolea gunia la mtu mwingine kwa nini?"

"Mama Jumanne, gunia ni gunia."

"Mnyiramba wewe! Kama huwezi kutofautisha gunia na gunia, ndiyo maana mnatembea mpaka kwetu kutafuta wake!"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Yoeli naye akacheka, lakini mama mkwe hakucheka. Alishika pembe ya gunia lake.

"Mwaga. Lipime peke yake. Unataka kujua karanga zangu, basi jua kwanza umeziweka ndani ya nini."

Yoeli akasalimu amri. Karanga zikamwagwa kwenye turubai, gunia tupu likawekwa mzani. Na kweli, lilikuwa jepesi. Mama mkwe akageuka kwa watu kama mbunge aliyeshinda.

Mimi nilikuwa nacheka kama wengine. Hawa akateleza kidogo mgongoni, nikamsukuma juu na kiuno kama tunavyofanya.

Njuga zikalia.

Jamani. Ule mlio nilikuwa nausikia kila siku ya Mungu, lakini siku ile ulikuwa mwingi. Ulikuwa mlio wa chuma kingi, na mtoto mdogo.

Nikamshika mama mkwe mkono nikamvuta pembeni, nje ya ukuta wa ghala. Nikasema tu:

"Mama. Hawa tunampima ndani ya nini?"

Alinitazama. Akatazama mgongo wangu. Nilimwona anavyoelewa, na natamani nisingeona. Uso wake ulizeeka pale pale.

Akaingiza mkono chini ya kitenge, akashika mguu wa Hawa. Akaugandisha mkono wake pale.

"Basi kila nilipoogopa," akasema, "nesi alifurahi."

Ndivyo ilivyokuwa. Akimwona mtoto amepungua, anaongeza chuma. Anaongeza chuma, mzani unapanda. Mzani ukipanda, mimi na Nesi tunatabasamu na kijiji kinanipigia makofi. Uoga wa mama mkwe wangu wote ulikuwa umechorwa kwenye kadi ile, na sisi tukausoma kuwa ni afya.

Nikamwambia mama, tumvue, tumpime sasa hivi.

Akakataa. Hakukataa kwa ukali.

"Nikimvua, atashikiliwa na nini? Hivi alivyo. Na upepo huu."

Sikumwona mjinga hata kidogo. Nilikuwa na mtoto mmoja tu na sikuwa nimezika. Yeye alikuwa amesimama pale na wote aliowazika.

"Atashikiliwa na wewe," nikamwambia.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye ule mguu. Kisha akageuza shingo, akatazama mlango wa ghala, akatazama ule mzani mkubwa. Nikaona kitu kinarudi machoni pake.

Akaingia ndani. Watu wakampisha. Akamwambia Yoeli:

"Mwalimu. Nipime na mtoto mikononi. Kisha nipime peke yangu, unitoe. Leo gunia ni mimi."

Kuna waliocheka, kisha wakatazama uso wake wakaacha.

Nilimfungua Hawa ule mshipi mimi mwenyewe, maana vidole vya mama mkwe vilikuwa haviwezi. Ulipotoka, Hawa alishtuka akafumbua macho, kama mtu aliyevuliwa mzigo. Mama mkwe akamdaka akambana kifuani, akapanda kwenye jukwaa. Alimkumbatia mtoto wa watu mpaka Yoeli akamwambia, "Mama, pumua, mzani hautulii."

Akasoma. Kisha mama mkwe akanipitishia mtoto kutoka mkononi kwake kwenda mkononi kwangu, hewa haikupita katikati. Akapimwa yeye peke yake.

Yoeli akatoa kwa chaki ukutani. Akarudia kutoa. Aliniuliza kama nina kadi, nikaitoa kwenye pindo la kitenge.

"Weka wewe," akaniambia. "Unajua."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimewafundisha wenzangu kwa kijiti. Nikatafuta mwezi, nikapanda na kidole mpaka kwenye uzito, nikaweka nukta.

Ilianguka nje ya njia. Chini ya ukingo wa chini, kwenye uwanja mweupe ambako hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyekuwa ameandikwa.

Mama mkwe akauliza, "Imeanguka wapi?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu yake.

Sikusubiri siku ya kliniki. Ukishuka, usingoje kesho; tulikuwa tumeimba wenyewe. Jumanne akakodoa macho kutuona tunafunga vitu bila maelezo, kisha akachukua tochi na maji akatufuata. Tulifika kwa Nesi Anjela jua linazama. Nilimweleza. Hakujitetea. Alikaa nyuma ya dawati lake dogo akamchukua Hawa, akampapasa mbavu na mikono, akasema taratibu, "Nisamehe, mama yangu mdogo." Alikuwa anamwambia Hawa.

Asubuhi akatupakiza kwenye lori lililokuwa linapeleka mazao, tukaenda hospitali ya misheni. Mama mkwe alikuja. Njia nzima, kule nyuma juu ya magunia, alimshika Hawa kiunoni kwa viganja viwili, mahali ulipokuwa mshipi. Nilimwambia anipe nimpokee, mikono itakufa ganzi. Akaniambia, "Acha nife ganzi."

Sitawachosha na habari za hospitali. Kulikuwa na malaria iliyojificha, minyoo, na mtoto aliyechoka kula. Kulikuwa na maziwa kwa kijiko, uji wa uwele na karanga, na siku nyingi ambazo sikuona mabadiliko. Kuna asubuhi nilitoka kufua, nikarudi nikamkuta Hawa ameshika sikio la bibi yake, analivuta. Mama mkwe alikuwa amekaa wima, machozi yanamtiririka, hataki kusogea asije Hawa akaliachia.

Nilijua hapo. Kabla ya mzani wowote, nilijua.

Lakini tulimpima. Bibi na mtoto, kisha bibi peke yake, hospitalini nako waliuzoea utaratibu wake. Nikaweka nukta. Ilikuwa chini kuliko zile nukta za uongo za baada ya surua, bado nje ya njia, na ilikuwa imepanda kutoka ile ya ghalani. Ndiyo nukta nzuri kuliko zote nilizowahi kuona.

Tuliporudi kijijini, Nesi Anjela alisema mbele ya akina mama wote kilichotokea, bila kumtaja mtu kwa ubaya. Hakuamuru yeyote avue kitu. Alisema, ukija na shanga, njoo na zilezile kila mwezi; ukiongeza, niambie; na usiyetaka mwanao aning'inie peke yake, mlete bibi yake awe gunia.

Akina bibi wakaja! Kliniki iliyokuwa ya wasichana kama mimi ikajaa wazee wenye fimbo, kila mmoja anagombania kupanda mzani wa ghala. Mama mkwe wangu akapata jina, Bibi Gunia, na alilipenda kuliko jina lake.

Akaanza kuingia darasani pia. Penseli bado hakuishika, lakini alijifunza kuusoma mstari. Na kadi ya mtoto yeyote ikinyanyuliwa kusifiwa, yeye alikuwa na swali lake moja, analirusha toka nyuma ya darasa: "Amepimwa ndani ya nini?" Hata siku viongozi walipokuja na kusoma kwamba kwa wastani watoto wa kijiji wana hali nzuri, aliuliza huo wastani wameuweka ndani ya nini. Yoeli ilibidi atoke nje akachekee huko.

Zile njuga hakuzitupa. Alizitundika kwenye msumari karibu na mlango, juu ya kadi. Mwezi ulipoandama aliongeza moja pale ukutani. Upepo ukipita zinalia. Alisema sasa zinaushikilia mlango.

Somo, wakuu, ni fupi. Siwaambii msiamini grafu. Ile kadi ndiyo iliyookoa mtoto, siku ilipowekewa uzito wake halisi. Bila kadi tungebaki na uoga wa bibi na matumaini ya mama, na hakuna ambaye angemshinda mwenzake. Ninachowaomba ni swali la mama mkwe. Mtu akikuwekea mstari unaopanda, uwe wa bei, wa kura, wa matokeo ya shule, kabla ya kumpigia makofi muulize ameupima ndani ya nini, na kama hicho kitu kilikuwa kilekile jana na leo. Huhitaji digrii. Aliyeuliza kwetu hakuwa ameshika penseli.

Na msimdharau anayesema "mimi simsikii mtoto mgongoni." Naye ana data yake. Kaeni chini mziweke pamoja.

Hawa ameketi hapa karibu yangu ninapoandika, amevaa miwani, ni bibi wa watu sasa. Anasema nimezidisha habari za kichwa kuvimba. Ameniletea ile kadi, anaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, ili nihakikishe sidanganyi.

Nukta ya mwisho kwenye kadi hii siyo ya Nesi, wala siyo yangu. Hawa alipotimiza umri wa kuacha kliniki, yuko katikati ya njia, anakimbia na kutukana kuku, mama mkwe aliomba penseli. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka mahali, kisha nikauachia.

Alibonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu zake zote, mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwambia mama, inatosha, imeshakaa.

"Mtie uzito," akasema. "Akae chini."

Nimeinyanyua kadi sasa hivi kuelekea dirishani. Mwanga unapita kwenye kile kitundu.

Haya, zamu yenu. Nani humu alipimwa akiwa mikononi mwa bibi yake? Na wewe unayesema "leta data," niambie ya kwako umeipima ndani ya nini. Nitasoma zote, miwani ninayo.